Kigoda Kando ya Kichanja

Juzi nilifungua daftari la binti yangu, zoezi la vinyume vya maneno, nikakuta ameandika: "Ni nadra mama kuwa nyumbani." Palepale nikasikia harufu ya kahawa.

Mchana mmoja nilipokuwa mtoto, kwetu Mbozi, mama yangu alikuwa akinisaidia zoezi kama hilo, lakini kila baada ya muda alinyanyuka kwenda kugeuza kahawa iliyoanikwa kichanjani. Nilidhani ananikimbia. Kwa hasira nikaandika: "Mama hukaa nami mara chache."

Aliisoma polepole, kidole chake kikinukia maganda yaliyochacha. Nikangoja kofi. Yeye akabeba kigoda changu, akakiweka kando ya kichanja.

"Isipogeuzwa mara kwa mara inaota ukungu, mwanangu," alisema. "Kaa hapa tugeuze wote. Halafu uandike kinyume chake."

Tuligeuza mpaka jua likapoa, punje zikichakarika mikononi mwetu. Nikaandika: "Mama hukaa nami mara nyingi." Sikujua bado kwamba hata sare niliyovaa ilitokana na kahawa ileile.

Binti yangu sikumgombeza. Tangu jana kigoda chake kiko dukani kwangu, hapa Tunduma, na kila anapokikalia namshukuru mama.