Nilichagua kisu cha kukunja kwa kung'aa, nikaenda nacho kupima mipaka ya mashamba Seme

Wakuu, habari za humu.

Juzi kijana mmoja aliuliza hapa jukwaani anunue kisu gani cha kukunja, kigumu, cha kutembea nacho porini. Watu wakammwagia picha na bei.

Mimi sina picha. Nina kovu kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, na nina umri wa kutosha kuwaambia lilitoka wapi.

Chumvi sitaongeza. Wengi niliokuwa nao wamelala, lakini dada yangu Akinyi yu hai, anasoma humu kwa simu ya mjukuu wake. Nikidanganya atanisahihisha mbele yenu nyote, na hana huruma.

Twende.

Ilikuwa miaka ya sitini, uhuru bado mpya. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Baba alitangulia, mama akamfuata kabla mwaka haujaisha. Tukabaki wanne nyumbani kwetu Seme, si mbali na soko la Kombewa: mimi Odongo, halafu Akinyi, halafu Ouma, na kitinda mimba Achieng ambaye meno yake ya mbele yalikuwa ndiyo yanaanza kung'oka.

Shule niliacha darasa la sita. Sikufukuzwa. Niliona tu kwamba mimi nikikaa darasani, jembe nalo linakaa.

Baba mdogo hakuwa mtu mbaya, naomba mlielewe hilo. Alikuja akaketi, akasema mambo yake polepole.

"Odongo, watoto watatu huwezi. Akinyi aende kwa shangazi yenu. Ouma nitakaa naye mimi. Achieng, yuko mama mmoja wa ukoo wetu kule Obunga, atamchukua."

Nikamwambia, "Baba, nikipata kazi ya mwezi, je?"

"Ukipata ya mwezi, si kibarua cha leo na kesho, nitawaacha pamoja. Nitakuja Jumapili ya wiki ijayo na baiskeli. Usiponionyesha kazi, nitaanza na Achieng."

Alikuwa ananipa nafasi kwa heshima. Lakini tarehe ni tarehe.

Wakati huo kulikuwa na kundi la wapima mashamba linapita kijiji kwa kijiji, kila mtu awekewe vigingi vyake ajue mwisho wake. Walitaka mtu mmoja wa kuvuta mnyororo wa kupimia, kuchonga vigingi na kufyeka njia ili mpimaji aone bendera upande wa pili. Wiki moja ya majaribio, Jumatatu mpaka Jumamosi. Ukifaa, unaandikwa kazi ya mwezi.

Foreman wao, Bwana Agutu, alikuwa mfupi, kofia haimtoki. Akanipa sharti moja tu.

"Hapa hatuji na panga. Kila mtu na kisu chake, cha kukunja, kikae mfukoni."

Vijana wa leo mtashangaa. Lakini fikiria ndugu wawili wamegombania mpaka tangu baba yao azikwe. Siku ya kupima wanaona kijana anaingia shambani na panga mkononi. Hata salamu haitoki! Mmoja anakimbilia mkuki, mwingine jiwe. Kwa hiyo chuma hakionekani mpaka kinapohitajika, na kikimaliza kazi kinarudi mfukoni.

Nikauza jogoo wetu wawili, nikaazima baiskeli ya jirani, nikaenda Kisumu kununua kisu.

Mhindi mwenye duka aliweka viwili juu ya kaunta.

Cha kwanza kilikuwa na bapa moja, mpini wa mti, na pete ya chuma shingoni. Ukiizungusha pete, bapa haliwezi kujikunja. Ukikitazama unaona jembe la babu yako.

Cha pili, wakuu! Kiling'aa kama meno ya bwana harusi. Kilikuwa na kisu, mkasi, msumeno mdogo, kizibuo cha chupa, kifungua kopo, na kijiko. Kijiko!

Mwenye duka akaniuliza, "Kazi gani unaenda kufanya?"

"Kupima mashamba."

"Unapima shamba ama unafungua hoteli? Hiki ni cha matajiri wa Milimani, Jumapili wanakula mkate kando ya ziwa. Chukua hiki kingine."

Nikajua ananidharau. Nikaona, kwa sababu nimevaa kaptura yenye viraka, ananichagulia cha maskini. Nikalipa kile cha kung'aa kwa hasira.

Hilo ndilo kosa langu la kwanza: nilinunua kisu ili kumjibu mtu.

Jumatatu nilikuwa mfalme. Wenzangu walikishika mmoja mmoja. Mmoja wao, Owuor, aliyevuta mnyororo miaka mingi, akakigeuzageuza akanirudishia.

"Omera, ndugu yangu, kizuri. Na cha kukatia umekiacha nyumbani?"

Nikacheka nao. Jumanne sikucheka. Nilikuwa nachonga kigingi cha mti mgumu, nikasukuma ncha ya kisu ndani ya mti, kisu kikajikunja chenyewe juu ya kidole. Hakikuwa na pete wala kizuizi, kilikuwa na springi ndogo tu inayokishikilia kwa kubembeleza. Owuor akanifunga kidole kwa kitambaa, akasema, "Sasa umekijua kwa jina lake."

Alhamisi tukafika kwa Mzee Radol na mdogo wake. Walikuwa wanagombania kipande cha chini, karibu na ziwa, pale penye mafunjo na udongo mweusi unaootesha viazi vitamu hata kiangazi. Miaka miwili hawajala pamoja.

Kati yao kulikuwa na ua wa ojuok, ule mnyaa wenye vijiti vya kijani na maziwa meupe. Sisi watoto wa kule tunafundishwa mapema: maziwa ya ojuok yakiingia jichoni, unalia mpaka kesho. Kwa hiyo nilipoambiwa nifungue njia katikati ya ua, nilijilinda vizuri sana. Nilikata nikiwa nimegeuza uso, upepo ukinipiga mgongoni, mkono mbali. Nikamaliza bila tone moja jichoni. Nikajisifu. Nikakifuta kisu kwenye majani, nikakikunja, nikakitia mfukoni.

Nilifundishwa kulinda macho. Hakuna aliyenifundisha kulinda bawaba ya kisu.

Maziwa ya ojuok yakikauka ni gundi, wakuu. Gundi ya kweli.

Ijumaa asubuhi wazee wawili wamesimama, huyu huku na yule kule, sauti zimeanza kupanda. Kigingi kimoja kilivunjika kwenye mwamba. Bwana Agutu akaita, "Odongo, chonga kingine upesi, tupige kabla hawa hawajapigana!"

Nikatoa kisu. Nikatia ukucha. Hakifunguki. Nikatia meno. Hakifunguki. Nikakivuta kwa nguvu zangu zote na kitu kikafyatuka.

Kijiko.

Nimesimama pale kati ya ndugu wawili wenye hasira, na kijiko mkononi.

Mzee Radol akakitazama, akamgeukia mdogo wake. "Ndugu yangu, serikali imeleta kijiko. Hili shamba leo linaliwa."

Mdogo wake akajaribu kununa, akashindwa. "Basi mwambieni mke wangu alete uji, tusile udongo mtupu!"

Watu wakaanguka kwa kicheko. Wale wazee wenyewe walishikana mabega wasianguke. Owuor akachonga kigingi kwa kisu chake, kikapigwa, na hakuna aliyebisha.

Mmoja tu hakucheka. Bwana Agutu alinivuta kando.

"Kesho ni siku yako ya sita. Uje na kisu kinachofunguka, ama usije."

Kesho kutwa yake ilikuwa Jumapili ya baba mdogo. Sikuwa na jogoo mwingine wa kuuza.

Jioni ile natoka, Mzee Radol akaniita kwenye boma lake. "Nyathina, mwanangu, njoo." Akatoa kisu mkobani. Bapa moja, mgongo mnene, mpini wa pembe, na pete shingoni. Alikinunua alipokuwa kibarua wa reli. Alikifungua kwa mkono mmoja wenye matope.

"Mimi nataka chako chenye mkasi. Kucha zangu ni kwato. Tubadilishane."

Wakuu, mkono wangu ulikwenda wenyewe. Kazi yangu ilikuwa pale, mbele yangu. Achieng alikuwa pale.

Lakini kigingi cha mwisho, kile cha kwenye udongo mweusi, kilikuwa hakijapigwa.

Nikamuuliza, "Mzee, kile cha chini si kinapigwa kesho?"

"Kesho."

"Basi tubadilishane kikishapigwa."

Akakasirika kidogo. "Unadhani mimi nanunua udongo kwa kisu?"

"Hapana, Mzee. Ndugu yako ndiye atakayedhani."

Akakikunja kisu chake. "Na kesho utachonga kwa nini? Kwa meno?"

Nikaaga.

Nyumbani nikamsimulia Akinyi. Nilitegemea anihurumie. Akanyoosha mkono. "Lete." Akamimina mafuta ya taa yote tuliyokuwa nayo kwenye kikombe cha bati, akakitumbukiza kisu. Baadaye akakisugua kwa jivu na unyoya wa kuku, akaingiza mafuta tena, akasugua tena. Taa yetu ilikaa kavu siku kadhaa, lakini asubuhi kisu kilifunguka. Kililia kama mlango wa kanisa, lakini kilifunguka.

Springi ndiyo ilikuwa imekufa. Kwa hiyo Jumamosi kila nilipokifungua nilikizungushia uzi wa mkonge shingoni kisijikunje, na kila nilipomaliza niliufungua, nikakifuta, nikakikunja. Kazi ilikwenda taratibu, lakini vigingi vyangu vilisimama. Kile cha mwisho nilikichonga mimi. Kikapigwa pale mpimaji alipoonyesha, si kidole huku, si kidole kule.

Hapo Mzee Radol akapaza sauti ndugu yake na wote wasikie.

"Bwana Agutu, huyu kijana wako ni mjinga! Jana nimempa kisu kizuri, amekataa mpaka vigingi viishe!"

Bwana Agutu akanitazama. Akakitazama kisu changu na uzi wake.

"Hiki kinaumwa?"

"Ndiyo, Bwana."

"Vigingi vimeisha hapa. Kachukue cha Mzee. Jumatatu saa moja, uje tukuandike."

Tukabadilishana mbele ya watu. Mzee Radol alianza kukata kucha hapo hapo.

Sasa kwa yule kijana aliyeuliza. Kisu cha mpini wa pembe nilifanya nacho kazi zaidi ya miaka kumi, mpaka ndani ya miaka ya sabini, na haya ndiyo kiliyonifundisha.

Bapa liwe moja, na mgongo uwe mnene. Kila kifaa unachoongeza kinapunguza nguvu mahali pengine na kinaleta mwanya mwingine wa uchafu.

Lazima kiwe na kizuizi, iwe pete au kingine, kinachoshika bapa lisijikunje. Ukiambiwa springi inatosha, njoo uone kidole changu.

Kifungue na ukitikise. Bapa likicheza shingoni dukani, porini litacheza ngoma.

Halafu paka mikono sabuni, ujaribu kukifungua. Dukani kila kisu kinafunguka, kwa sababu dukani mikono ni mikavu. Muuzaji akikasirika, nenda duka lingine.

Na ukikata chochote chenye utomvu, futa na utie mafuta kabla hujakunja. Usiseme utafanya ukifika nyumbani.

Jumapili baba mdogo alikuja, na baiskeli kama alivyosema. Achieng alikuwa amekaa mlangoni na kifurushi chake magotini, kwa sababu mtoto ukimwambia asiogope ndipo anapojifungia mizigo.

Nikatoka nikamwambia baba mdogo, nimepata.

"Ya mwezi?"

"Ya mwezi. Bwana Agutu unamjua, kamuulize."

Alisimama ameshika usukani. Nadhani alikuwa amejiandaa kwa maneno mengi magumu, na sasa hana pa kuyaweka. Mwishowe akamtazama Achieng.

"Weka hicho kifurushi ndani. Wewe panda, nikuzungushe mpaka Kombewa na kurudi."

Akampakia nyuma, wakaenda. Tulimsikia Achieng anapiga kelele za furaha mpaka walipopotea kwenye kona. Walirudi na miwa.

Tulikaa wanne nyumba ile mpaka Achieng alipoolewa.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Mwenye kisu kilichowahi kumwaibisha mbele ya watu aseme bila haya, na mwenye dawa ya utomvu inayoshinda mafuta ya taa atufundishe. Akinyi, nawe ukiona nimekosea mahali, sema taratibu.