Mlango wa Beji

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa chaki. Mwalimu Mkuu, mama mfupi mwenye sauti iliyofika darasa la mwisho bila kupandishwa, aliniita ofisini akanikabidhi firimbi, kamba na kisanduku cha beji. "Wewe una miguu ya ujana," akaniambia. "Asubuhi utafundisha Kiswahili, jioni skauti wa kike." Nikamwambia sijui lolote la skauti. Akasema, "Nao hawajui. Mtajifunza pamoja." Ilikuwa miaka ya sitini mwanzoni, shule ya wasichana hapa hapa Mombasa, nami chuo cha ualimu nimekimaliza juzi tu.

Kazi ile ilikuwa na ngazi zake. Msichana aliyeingia karibuni aliitwa mwanagenzi. Akishajua ahadi, sheria na mafundo ya kamba, alivishwa nembo akaanza safari ya daraja la pili, na wachache mno, wenye roho ngumu, walifika daraja la kwanza. Katikati ndipo palipokuwa na beji, vile vitambaa vidogo vya duara vinavyoshonwa kwenye mkono wa sare. Kila beji ilikuwa na mtahini wake kutoka nje: nesi alitahini huduma ya kwanza, fundi cherehani alitahini ushonaji. Mimi kazi yangu ilikuwa kuwatayarisha tu, si kuwapasisha.

Hilo nilifunzwa na Kamishna wa Wilaya, mama wa Kizungu mrefu, mwenye viatu vya kamba na Kiswahili cha kitabuni kilichonyooka kama rula. Mara ya kwanza nilipomwombea msichana aliyekosea fundo moja, alinitazama kwa huruma. "Mwalimu," akasema, "beji si peremende. Ukimpa asiyestahili, umemwibia anayestahili." Nilimchukia siku nzima. Baadaye nikayafanya maneno yale kuwa yangu, na wako wasichana walionichukia mimi kwa ajili yake.

Miongoni mwa wanafunzi wangu alikuwepo Rukia wa Kibokoni, mwembamba, mpole, mwenye tabia ya kukutazama mpaka umalize kusema ndipo ajibu. Alibakiwa na beji moja, nayo ndiyo iliyowashinda wengi: Mjuzi wa Njia. Anayeitaka huchora ramani ya mtaa wake, kisha mtahini, naye ni Kamishna mwenyewe, humtajia mahali papo hapo, naye ampeleke kwa njia ya mkato bila kumuuliza mtu yeyote. Akiipata hiyo, Rukia angepanda daraja la kwanza, na wa daraja la kwanza aliweza kuwa msaidizi wangu hata baada ya kutoka shule. Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Muhula ule ulikuwa wake wa mwisho. Bila daraja lile angevua sare, akaingia ndani kungoja posa, na habari zake za skauti zikaishia hapo.

Babake, Mzee Salim, aliuza kanga. Nilimwendea dukani kumwombea Rukia ruhusa ya mtihani, akanikaribisha kwa kahawa na adabu zote, kisha akanikatalia.

"Mwalimu, mimi na skauti hatuna ugomvi," akasema. "Mwanangu kafunzwa kufunga jeraha, kafunzwa kuzima moto, nashukuru. Lakini kumtembeza Mzungu mabarabarani, vijana wa barazani wakimkodolea mato? La."

"Hata nikifuatana naye mimi?"

"Hata ukifuatana naye wewe na Liwali."

Nikapeleka habari kwa Kamishna, nikauliza kama ramani peke yake haiwezi kutosha. "Ramani haimfikishi mgonjwa kwa daktari," akajibu. Naye alikuwa akifunga mizigo arudi kwao, na wa kushika nafasi yake alikuwa hajateuliwa bado. Akanipa Jumamosi moja. Ikipita hiyo, basi.

Nilidhani Rukia atalia nikimwambia. Alinitazama mpaka nikamaliza.

"Baba kakataza barabara," akasema. "Hakukataza nyumba."

Sikumwelewa. Mimi ni mzaliwa wa Majengo, na Mji wa Kale nilikuwa nikiujua kwa nje: vichochoro vyake, baraza zake, milango yake ya nakshi iliyofungwa. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, nami methali hiyo nilikuwa nikiifundisha kila mwaka bila kuijua maana.

Jumamosi ile asubuhi Kamishna alifika nyumbani kwao Rukia. Mzee Salim alikuwa dukani. Ramani ilitandazwa mkekani, tukainama kuitazama. Haikuwa na barabara hata moja. Ilikuwa na ngazi, dari, madirisha, nyua, na milango mingi iliyounganishwa kwa mstari wa wino mwekundu.

"Mimi ni mgeni, na nimevunjika mkono," akasema Kamishna, huku akijifunga skafu shingoni na kuutia mkono ndani yake. "Nipeleke kwa daktari wa Ndia Kuu."

"Vua viatu, Bi," akajibu Rukia.

Basi tukaondoka kwa kupanda juu badala ya kutoka nje. Tulipita darini, tukaingia katika wikio, kile chumba kinachokaa juu ya kichochoro kuunganisha nyumba mbili. Kupitia mbao za sakafu nilisikia wanaume wakibishana bei ya samaki chini yetu, hawana habari kwamba Kamishna wa Wilaya anapita juu ya kofia zao. Tukatokea jikoni kwa watu. "Hodi, twapita ndia!" akaita Rukia; njia kwao ni ndia. Mama aliyekuwa akikuna nazi hakuinua hata kichwa. "Piteni, mwanangu. Msimwamshe mtoto, kalala." Tukapita kwa ncha za vidole. Nyumba ya pili, ya tatu, kila mahali hodi ile ile na jibu lile lile, kana kwamba wanawake wa Kibokoni wamekaa na mji mzima ndani ya mji, na funguo zake ni salamu tu. Kamishna alikuwa amebeba viatu vyake kwa mkono uliosalimika, uso umemwiva kwa joto, macho yameng'aa kama ya mtoto siku ya Idi. Miaka yote ile nilipita chini ya mambo haya nikienda sokoni.

Mahali pamoja Rukia aliunyosha mkono kwenye mlango, akasita, akatugeuza.

"Mbona tunarudi?" akauliza Kamishna. "Mlango umo kwenye ramani."

"Humu mna ubani, Bi. Ubani wa saa hizi ni wa bibi aliyekaa eda. Hapitiwi mtu na mumewe hajatimiza hata mwezi kaburini."

Mimi sikuwa nimesikia harufu yoyote mpaka alipoitaja.

Kule kuzunguka ndiko kulikotufikisha penye mtihani wenyewe. Ilitubidi tupite kwa Bi Zuhura, na kutoka kwake kwenda kwa mdogo wake, Bi Thureya, ambaye ua wake umepakana na ua wa daktari. Baina ya nyumba mbili hizo palikuwa na mlango wa ghorofani, wenye komeo kubwa la mti. Ulikuwa umefungwa. Kibokoni nzima ilijua sababu, ila mimi na Kamishna: ndugu wale waligombania kitanda cha samadari cha marehemu mama yao, kila mmoja akaapa mwenzake hatakilalia, mpaka kikaliwa na mchwa. Kitanda kikaisha, ugomvi ukabaki.

Bi Zuhura alikuwa ameketi kitini mbele ya mlango huo kama askari. Akautazama mkono wa Kamishna uliofungwa.

"Masikini! Kaumia huyu?" akauliza. "Mgonjwa nitamfungulia. Mgonjwa hana kosa."

Neno moja tu, ndiyo, na mlango ungefunguka. Kamishna alimtazama Rukia. Na sisi tulikuwa tumewafunza kwamba sheria ya kwanza ya skauti ni neno lake kuaminiwa.

Rukia akapiga magoti mbele ya bibi yule. "Hakuumia, Bi. Ni mtihani wangu. Barabarani nimekatazwa kupita, na ndia nyingine sina. Ukinifungulia nitashukuru, na usiponifungulia, hii ni nyumba yako."

Chini uani kuku walikuwa wakiparura. Niliona beji ikienda zake, na daraja, na jioni zote ambazo msichana yule angekuja kunisaidia, na nilitamani kulia kwa niaba yake.

"Mungu angekupa ulimi wa uongo, ungekuwa ushafika," akasema bibi. Kisha akainuka, akashika komeo. Lilikuwa limeganda. Ikatubidi tulivute sote, na Kamishna akausahau ugonjwa wake akavuta kwa mikono miwili. Mlango ulipofunguka kwa kishindo, upande wa pili Bi Thureya alikuwa amesimama na sahani ya mchele anaouchambua, kinywa wazi. Ndugu wawili wakatazamana.

"Umezeeka, Thureya," akasema mkubwa.

"Na wewe wanijia na Mzungu," akajibu mdogo, na mchele wote ukamwagika.

Tukawaacha wanalia, tukashuka ngazi mpaka uani kwa daktari. Kamishna aliketi kwenye ngazi ya mwisho kuvaa viatu, kamba akaziacha hazijafungwa. "Mwalimu," akaniambia, "nimekaa mji huu miaka mingi. Leo ndiyo siku niliyoingia." Beji aliishona kwa mkono wake mwenyewe.

Jioni Mzee Salim alielezwa kila kitu. Akaitazama ramani kwa muda mrefu, kidole kikifuata ule wino mwekundu uliokatiza chumba chake cha kulala. "Sikujua," akasema polepole, "kumbe nyumba yangu ni ndia." Hakumkataza tena kuja kwangu.

Mimi baadaye nilihamishiwa Liwatoni kwa mabinti wa wavuvi, kisha nikawa katibu wa beji wa wilaya, katika ofisi ya Mwembe Tayari iliyojaa kelele za mabasi ya bara. Rukia alishika kikosi nilichokiacha. Nimepitisha mikononi mwangu beji nyingi mpaka nikastaafu, na kila ninapoulizwa kazi ile ilikuwa nini, nasema sikuwa nafunza watoto mji, nilikuwa naonyeshwa.

Mwaka huu magoti yalinipa ruhusa nikaenda Kibokoni. Mawikio mengi yamebomolewa, milango mingi imezibwa kwa simenti. Kwa Bi Zuhura, Mungu amrehemu, siku hizi wanakaa watu wengine kabisa. Nilipanda ghorofani taratibu, nikauona mlango ule u wazi, na mahali pa komeo pamebaki tundu mbili tupu. Binti wa nyumba alikuwa akipita na sinia la chakula cha jirani. Nikamuuliza kwa nini hawautii kufuli.

"Huu?" akasema, akinishangaa. "Huu ni Mlango wa Beji, bibi. Haufungwi."

Nikamuuliza beji gani. Akasema hajui, ndivyo walivyoukuta ukiitwa, akaniomba nimpishe, chakula kisipoe.