Panya, Kuku na Chungu cha Mgeni

Nilipofika kwenye shamba la majani chai upande wa Kericho, bibi harusi kutoka ziwani, panya walikuwa wamenitangulia. Nyumba za kambi yetu zilikuwa za msonge, zimebanana, na kila Jumamosi tulipewa posho ya unga na mahindi. Panya waliijua Jumamosi kuliko makarani. Kuku wangu walilala ndani, chini ya tenga, kama walivyolala kwa mama yangu, lakini mayai yalipotea na vifaranga havikukua.

Mwaka wa pili ikavuma habari ya tauni, na wenye shamba wakaamua sumu iwekwe kila nyumba. Nyapara akaanza kuzunguka na mkebe wa unga uliochanganywa na dawa. Mwanangu ndiyo kwanza alikuwa anatambaa, na kila alichookota kilipita mdomoni. Kuku naye hachagui. Angedonoa unga ule, na panya mdogo akifia uani angemdonoa pia.

"Bwana nyapara," nikamwambia mlangoni, "hiyo dawa haiingii hapa."

"Mama, ni amri. Nikiacha nyumba moja, wote watakataa."

"Nipe mpaka posho ingine. Ukipata alama ya panya, weka hata kitandani."

Akacheka. "Sawa. Lakini nitaangalia mpaka nyuma ya mlango."

Mdomo huponza kichwa. Panya wenyewe sikujua hata wanapita wapi. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, ila nikishikwa na hamu ya kujua jambo, hasira hukaa kando. Jioni ile nikachekecha majivu ya mekoni, nikayanyunyiza sakafuni. Kulipokucha nikapiga magoti na kuanza kusoma. Vidole vidogo, na katikati yake mstari mwembamba wa mkia. Nilitegemea nyayo ziende moja kwa moja kwenye tenga. Wapi! Zilitoka kwenye tundu la ukuta, zikalipita tenga kana kwamba halipo, zikaenda kwenye chungu changu cha ugali. Baada ya hapo ndipo zilipowarudia kuku, kwenye mahindi niliyowamwagia jioni, na mwisho kwenye mayai. Kumbe mlo nilikuwa nawaandalia mimi mwenyewe, na kuku wangu walikuwa nyongeza tu.

Kwetu chungu hakilali kitupu. Mwanamke hubakiza kipande cha ugali, asije mgeni akafika saa mbaya akakuta nyumba haina kitu. Wanawake wote wa kwetu pale kambini tuliishi hivyo, kisha tunakaa kisimani kushangaa jinsi panya wa chai walivyonenepa.

Basi nikaacha. Ugali tuliumaliza, chungu nikakiosha kabla ya kulala. Mahindi niliyatia kwenye debe la bati na kulifunika kwa jiwe bapa. Kuku niliwalisha asubuhi tu, tena nje, na walichobakiza nikakifagia. Matundu niliyaziba kwa mawe na udongo wa kichuguu. Kila asubuhi nilikimbilia majivu yangu kabla hata ya kuwasha moto. Kuna panya mmoja aliyelizunguka lile debe mpaka majivu yakafanya njia, nami nikamwonea huruma kidogo. Baadaye hakuja tena.

Nyapara alikuja kama alivyoahidi. Alitazama nyuma ya mlango, akainua tenga, kuku akamdonoa kidole. Akaondoka na mkebe wake, na mimi nikaimba siku nzima.

Siku chache baadaye alikuja mama mkwe, bila taarifa, asubuhi mapema. Alikuwa amelala Sotik kwa watu wa kanisa lake, akapata lori, kisha akatembea. Mume wangu alikuwa ameshakwenda kuchuma chai. Kabla ya kuketi, mama alifunua chungu. Akatazama ndani, akakifunika taratibu.

"Nyumba isiyolisha hata panya," akasema, "itamlisha nani?"

Maneno yale yalinichoma. Nilikuwa na haki, na bado nilitamani ardhi inimeze, maana njaa yake niliiona usoni. Nikamweleza habari za sumu, sauti ikinipanda bila kutaka.

"Sumu ni ya panya," akasema. "Mtu ana akili."

Mtoto alikuwa miguuni petu, amebeba jina la babu yake, marehemu mume wa huyo mama. Akaokota kitu sakafuni, akakitia mdomoni. Bibi yake aliinama haraka kuliko mimi, akamtia kidole mdomoni, akatoa punje ya mahindi iliyoingia na kuku. Akaiweka kiganjani.

"Hiyo dawa wanaiweka wapi?"

"Sakafuni, Mama. Kila pembe."

Aliigeuza ile punje kiganjani. Kisha akaitupa nje, akaketi, akamweka mtoto mapajani na kumfuta mdomo kwa ncha ya leso yake.

"Washa moto," akasema. "Nitangoja."