Mjomba wa Tatu

Damu ya uongo haipikwi kwa pupa. Anayekwambia ni maji na rangi nyekundu, huyo hajawahi kumwaga hata tone, mpuuze. Kijana mmoja aliyeitwa Mchuzi alichemsha sukari mpaka ikawa nzito, akatia rangi ya keki, akaongeza kijiko cha kakao ili isiwake kama soda, kisha akaijaribu kwenye shati lake mwenyewe. Ndiyo maana hakuwa na shati lisilo na doa, na ndiyo maana sisimizi walimjua kuliko majirani.

Kazi yake ya kila siku ilikuwa kuchanganya rangi katika duka la vifaa vya ujenzi. Mteja analeta kipande cha ukuta kimefungwa kwenye gazeti, Mchuzi anakitupia jicho mara moja, anachanganya, na ukishapaka hujui kiraka kilikuwa wapi. Jicho hilo ndilo walilolitaka jamaa wa filamu. Walikuwa wanatengeneza hadithi ya daktari kichaa anayekata watu viungo huku akiwatania, wakamwomba awapikie damu, awaundie na miguu ya mpira. Mtaani habari ikagawa watu. Kuna waliosema ni uchafu mtupu, kuna waliouliza inatoka lini.

Dada yake alikuwa kundi la uchafu, tena mwenyekiti. Huyu dada ndiye aliyemlea tangu hajajua kufunga kamba za viatu, na nyumba aliyokuwa akiishi Mchuzi ilikuwa ya dada. Kazini dada alikuwa muuguzi wa chumba cha vidonda, mwaka wa ishirini na mbili huo.

"Mimi damu naiona kuanzia asubuhi," alimwambia. "Haijanichekesha hata siku moja. Wewe unakaa jikoni kwangu unapika damu ili watu wacheke?"

"Dada, ni sukari tu."

"Na sufuria ni yangu."

Filamu ilikuwa tayari, na jamaa walishaanza kumsumbua kwa ya pili. Mchuzi alitaka kusema ndiyo mpaka ulimi ukamwasha, lakini kumkasirisha dada kabisa hakuweza. Basi akajitia kitanzi mwenyewe. "Njoo Jumamosi uitazame. Ukitoka kabla haijaisha, naacha. Natupa hata sufuria."

"Sufuria utarudisha," dada akasema. Akaja.

Ilikuwa mchana, katika ukumbi wa shule, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Mchuzi hakukaa. Alisimama nyuma mlangoni, mara mguu huu, mara ule, anang'ata kucha zenye ladha ya sukari. Filamu hakuitazama. Alikuwa anatazama mtandio wa kijani safu ya tatu, wa dada yake.

Jicho la kwanza lilipotoka kwenye kioo, akina mama wawili wakatoka nalo. Utumbo ulipovutwa kama kamba ya kuanikia nguo, nusu ya ukumbi wakapiga makofi, nusu wakaziba midomo, na bwana mmoja akapita akisema, "Huyu aliyetengeneza ana mama kweli?" Mchuzi akamfungulia mlango kwa adabu. Mtandio wa kijani haukutikisika. Hilo nalo likamtia wasiwasi, maana dada akinyamaza ndipo pabaya.

Ikafika zamu ya mguu. Daktari kichaa akamsogelea mgonjwa na msumeno, akatabasamu: "Usiogope. Nitajie wajomba zako, kuanzia mkubwa." Mgonjwa akataja wa kwanza, akataja wa pili, akawa anamtafuta wa tatu, na hapo hapo mguu ukaruka, damu ikapiga dari.

Mchuzi akaacha kung'ata kucha. Maneno yale alikuwa amewapa yeye siku waliyokwama, kama kitu alichookota njiani. Lakini yalikuwa ya dada yake. Bandeji ikigandia kidonda, dada humwambia mgonjwa ataje wajomba, na kichwa kikishughulika na wa tatu, yeye huvuta. Ndivyo alivyobandua bandeji ya goti la Mchuzi akiwa mdogo. Na Mchuzi hakuwahi kumwomba ruhusa.

Mtandio wa kijani ukainuka.

"Basi, imekwisha," Mchuzi akajisemea. Lakini kabla dada hajapiga hatua, kishindo kikasikika safu ya mbele. Mwenye bucha ameanguka. Ndiyo, yule yule anayepasua mbavu za ng'ombe huku akikuuliza habari za nyumbani.

"Washeni taa!" Dada akamfikia, akamfungua kola, akamwinua miguu. Mwenye bucha akafumbua macho. Na dada, kwa mazoea ya miaka ishirini na mbili, akitaka tu kujua kama akili imerudi, akasema:

"Usiogope. Nitajie wajomba zako, kuanzia mkubwa."

Ukumbi mzima ukageuka kumtazama.

"Mkubwa… fundi saa," mwenye bucha akasema kwa sauti ya mbali.

"Mwingine?"

"Dereva." Akamtazama muuguzi. Akautazama mguu wake ulioko mikononi mwa muuguzi. "Sina wa tatu! Haki ya Mungu, sina wa tatu!"

Akauchomoa mguu, akatoka mbio, kiatu kikabaki kwa dada. Watu walicheka mpaka mabenchi yakalalamika. Dada akamkimbilia na kiatu chake, na Mchuzi nyuma yao.

Nje, mwenye bucha alikuwa ameketi karibu na bomba, anajimwagia maji. Dada ameshika ukuta, mabega yanamtikisika. Mchuzi alidhani analia. Alikuwa anacheka, machozi yanamtoka.

"Dada, umetoka. Na haijaisha."

"Nimemfuata mgonjwa." Akajifuta. "Nani kawapa maneno yangu?"

"Mimi."

Dada akainama. Akamvisha mwenye bucha kiatu, akarudi ndani, akakaa hadi mwisho huku mtandio umemfunika macho karibu muda wote. Walipotoka akasema, "Mbaya. Sijaipenda. Na damu ya mguu hairuki mpaka darini." Basi.

Kwa hiyo ni ndiyo au hapana? Mchuzi hakuthubutu kuuliza. Jumapili nzima alisugua doa moja kwenye shati moja.

Jumatatu jioni dada akarudi, akakaa bila kuvua viatu.

"Leo mama mzima, kidonda cha kidole tu, nimemwambia anitajie wajomba, kidogo aruke dirishani. Wa pili yake hivyo hivyo. Mtaa mzima umeiona au umesimuliwa. Umeniharibia wajomba wangu, wewe!"

"Sasa unatumia nini?"

"Mashangazi."

Mchuzi akasema, "Wale jamaa bado wanasubiri jibu langu."

Dada akavua kiatu kimoja, akakitazama sana.

"Waambie sawa. Sufuria ununue yako. Na nikiwasikia mashangazi kwenye hiyo filamu, mguu utakaokatwa ni wako."