Picha ya Bibi kwenye Kalenda ya Salfa

Baba yangu alikuwa mchongaji wa vinyago hapa Newala, na vipande vya mpingo vilivyoanguka miguuni pake vilikuwa kuni zetu. Mama alivipenda kwa kuwa vinashika moto muda mrefu. Nikiwa darasa la sita nilianza kuviwahi kabla havijafika jikoni. Nilivikata kwa msumeno wa baba, nikavitoboa kwa msumari wa moto, nikavisugua kwa msasa hadi vikawa laini kama kokwa ya ukwaju, kisha nikavipaka nta. Hereni za kwanza nilizovaa maishani nilijitengenezea mwenyewe. Zilikuwa nzito, zikanivuta masikio juma zima, nami sikuzivua.

Ndiyo kazi niliyokuja kuishi nayo. Ila nilipoifanya kuwa biashara, nilikuta biashara yenyewe imebadilika. Utotoni mwangu madukani hapakuwa na kitu. Sasa kila mtu alikuwa huru kuleta anachotaka, na siku ya gulio wachuuzi walimwaga juu ya maturubai mikufu ya plastiki ya rangi zote kutoka Dar es Salaam. Wanawake wenzangu waliinua hereni zangu, wakazipima mkononi, wakazirudisha.

"Hizi za mti, dada," mmoja aliniambia kwa upole, "watu watasema nimekosa za dukani."

Nikazipanga tena mahali pake.

Mtoto wa shangazi yangu alikuwa na kompyuta nne huko Masasi, katika chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa. Ndiye aliyenifungulia blogu. Alinionyesha namna ya kuandika na kupandisha picha, akaniazima kamera yake ndogo ya dijitali. "Andika kama unavyoongea," alisema. "Walioko mbali wamechoka na habari za siasa." Basi mara mbili kwa mwezi nilipanda gari la asubuhi, tukateremka mlima hadi Masasi, daftari langu mapajani. Nilipiga chapa kwa vidole viwili yale niliyoandika nyumbani: jinsi mpingo mbichi unavyopasuka ukiuharakisha, kwa nini zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi zisiachiwe watoto, jinsi masika yanavyofanya nta ikatae kushika. Na watu walisoma. Mwalimu mmoja aliyezaliwa Chidya, aliyehamia ng'ambo miaka mingi iliyopita, aliandika kwamba habari zangu za harufu ya mabibo ya mikorosho zimemfanya aache kazi yake siku nzima. Wengine waliagiza vidani. Sikuwahi kusomwa na mtu kabla ya hapo, na sitaficha, ilinilevya.

Bibi yangu mzaa mama aliishi Chilangala. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye shamba la mikorosho aliloachiwa na mumewe, na alizungumza Kiswahili pale tu alipokasirika au alipozungumza na wageni. Sisi wajukuu alizungumza nasi Kimakonde. Kila alipotoka nje ya uzio wake alishika ncha ya kanga na kuiziba midomo. Ujanani alitobolewa mdomo wa juu akavishwa ndonya, lile duara la mpingo ambalo wanawake wa rika lake walijipamba nalo. Baadaye watu wa serikali walipita wakisema mambo hayo ni ya zamani, na vijana waliotoka shule wakaanza kuwacheka wanawake gulioni. Siku moja bibi akaivua. Lakini tundu halikuziba. Mdomo ulining'inia, na uji ulipita pale akisahau kuuziba kwa kidole.

Ndani ya uzio, mbele yetu, alikaa bila kanga usoni. Nililiona tundu lile tangu nazaliwa, nikalizoea kama nilivyozoea pua yake.

Mwaka huo nilikuwa natafuta mtindo mpya. Nikafikiria hereni za duara, mpingo mweusi uliosuguliwa, na kitone cheupe cha bati katikati, mfano wa ndonya. Nikaenda Chilangala kwa baiskeli, nikamwomba bibi anionyeshe ile yake. Aliitoa ndani ya kopo la maziwa ya unga, imeviringishwa kitambaa.

"Pima," alisema. "Mpingo wake ulitoka bondeni. Siku hizi hamuupati."

Nikapima kwa kamba. Kisha nikatoa kamera, nikamwomba nimpige picha. Alicheka, akajiziba kwa kanga, akaniuliza picha ya mzee ni ya nini. Nikamwambia ni ya kumbukumbu. Alinyoosha mgongo, akaweka mikono magotini, akaitoa kanga usoni. Nikapiga.

Hapo ndipo ninaporudi kila mara. Sikumwambia habari za blogu. Nimejitetea mara nyingi kwamba nisingeweza kumweleza, kwamba hakuwahi kuona kompyuta. Sio kweli. Ningeweza kumwambia, "Bibi, picha hii wataiona watu nisiowajua." Maneno hayo hata kwa Kimakonde yanasemeka. Sikuyasema kwa sababu nilijua angejibu nini.

Niliipandisha kwenye blogu pamoja na picha za hereni, ikatazamwa kuliko lolote nililowahi kuandika. Wengine waliandika kwa heshima, wakamwita bibi yetu. Mmoja aliuliza anakunywaje uji. Mwingine alicheka tu, herufi zimejaa mstari mzima. Ningeweza kuyafuta maneno yale. Niliyaacha, kwa kuwa watu walipokuwa wakibishana chini ya picha, oda za hereni ziliongezeka. Nilikata mpingo hadi vidole vikavimba. Niliwapelekea watu nisiowajua ndonya ndogo mbili mbili ndani ya bahasha, na nikaona nimepata.

Ilipita miezi. Mwanzoni mwa mwaka mpya mama mdogo, aliyekuwa akiishi jirani na bibi, alikuja nyumbani kwangu kwa miguu. Nilimwamkia, akaitikia bila kuniangalia, akakataa kuketi.

"Umempeleka wapi mama yangu?" aliniuliza.

Nikadhani bibi amepotea. Nikashika kichwa.

"Yupo nyumbani," alisema. "Lakini yupo pia mashineni."

Kidogo kidogo nikaelewa. Mfanyabiashara mmoja wa Masasi, aliyekuwa akiuza salfa na mabomba ya kupulizia mikorosho, alikuwa ametengeneza kalenda za kuwagawia wateja. Juu aliweka picha ya mwanamke mzee mwenye mdomo uliotoboka, na maneno "Utamaduni Wetu." Chini yake, salfa, mabomba, magunia. Kalenda moja ilibandikwa ukutani kwenye mashine ya kusaga ya Chilangala. Bibi alipeleka makopa yake, mihogo mikavu, kusagwa, akasimama foleni, kanga mdomoni kama siku zote. Mbele yake wanaume wawili walikuwa wakiangalia ukuta na kucheka. Alipotazama alijiona mwenyewe, amekaa wima, mikono magotini, mdomo wazi mbele za watu. Mama mdogo alikuwa nyuma yake. Alisema bibi hakutamka neno. Aliacha ungo na makopa pale pale, akatoka, akarudi nyumbani kupitia mashambani ili asikutane na mtu njiani.

Nilifika Chilangala mchana huo huo. Bibi alikuwa ameketi ndani, mlango umerudishwa. Nikapiga magoti mlangoni.

"Shikamoo, bibi."

Hakuitikia. Tangu nijue kusema, hakuwahi kuacha kuniitikia. Nikarudia. Halafu akazungumza, na alizungumza kwa Kiswahili.

"Wangapi wameniona?"

Blogu ina mahali panapohesabu watu. Niliijua namba ile, nilikuwa nikiitazama kila nikienda Masasi.

"Sijui, bibi," nikasema.

"Hujui. Mimi mbele ya mkwe wangu sijawahi kufungua kanga. Mpaka amekufa hakuuona mdomo wangu. Wewe nilikufungulia kwa kuwa ni mjukuu wangu. Sasa hata muuza salfa ananijua."

Nililia, nikasema nisamehe. Aliniambia niondoke, jua linazama na baiskeli yangu haina taa.

Kesho yake niliteremka Masasi na gari la kwanza. Binamu yangu alinionyesha namna ya kufuta. Niliifuta picha, na maoni yote yakaenda nayo. Ilichukua muda mfupi kuliko kutoboa hereni moja. Kisha nikaenda kwa yule mfanyabiashara. Alikuwa mtu mzima, mpole, akanikaribisha kiti.

"Mama, mimi nimeikuta kwenye intaneti," alisema. "Kitu kilichowekwa kila mtu aone. Tena nimemheshimu. Soma, nimeandika utamaduni wetu."

"Hukumuuliza," nikasema.

"Na wewe ulimuuliza?"

Nilikaa pale na mkoba wangu mapajani. Alinisikitikia, nadhani, kwa maana aliniita nyuma ya duka akanipa kalenda zote zilizobaki, furushi zima, akakataa nimlipe. Akanitajia vijiji alikogawa. Vilikuwa vingi.

Wiki mbili zilizofuata sikugusa mpingo. Nilizunguka. Nilienda kwenye migahawa ya chai, kwenye maduka, kwenye mashine za kusaga, Masasi hadi Newala na vijiji vya kati, nikiomba kalenda. Wengine walinipa bila kuuliza. Wengine walidhani nimerukwa na akili. Mwenye mgahawa mmoja, karibu na barabara ya kwenda Ndanda, alikataa katakata.

"Mwaka ndiyo kwanza umeanza," alisema. "Nitajuaje siku ya mnada wa korosho?"

Nikamwomba kisu. Nikakata sehemu ya juu taratibu ili nisimharibie, nikamwachia miezi kumi na miwili ikining'inia kwa msumari. Aliitazama ile karatasi iliyobaki na kusema sasa imekuwa ndogo. Sikuzipata zote. Miaka kadhaa baadaye nilikuta moja nyumbani kwa mtu niliyekwenda kumhani, imekunjwa kufunikia mtungi wa maji. Niliiacha pale pale, maana msiba haukuwa wangu.

Zile nilizokusanya nilizichoma uani kwangu. Karatasi ya kalenda ni ngumu, haishiki moto upesi. Inajikunja kwanza, na uso unajikunja nayo. Mama alitoka kunisaidia, akaona kinachoungua, akarudi ndani. Yeye ni mtoto wa bibi. Hakuwahi kunigombeza kwa jambo lile, na hilo lilinielemea zaidi ya maneno ya mama mdogo.

Bibi hakwenda tena mashineni. Alichukua kinu na mchi akawa anatwanga makopa yake mwenyewe, katika umri ule. Mama mdogo alijitolea kumpelekea, akakataa. Ukipita karibu na uzio asubuhi ulisikia mchi. Mimi niliacha kutengeneza zile hereni za duara, ingawa hadi leo kuna wanaoziulizia. Blogu niliiacha pia, karibu mwaka mzima. Nilikwenda Chilangala kila baada ya wiki mbili, nikamwamkia mlangoni, nikaacha sukari au sabuni juu ya jiwe, nikaondoka. Sukari ilichukuliwa. Kuitikia hakuitikia.

Msimu wa korosho ulipofika nilimkuta nje, anaokota chini ya mikorosho, mgongo umepinda. Niliinama upande wa pili wa mti nikaanza kuokota nami, nikitenganisha korosho na bibo. Tuliokota hadi ndoo mbili zikajaa. Ndipo nikasema, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba," alisema, kwa sauti ya kawaida tu, kama watu walioachana jana.

Tulipoketi kupumzika alianza kunisimulia, bila mimi kumwomba, siku aliyotobolewa mdomo: nani alimshika, nani aliimba, mama yake alikuwa wapi, na kilichotokea jioni yake. Hakuwahi kumsimulia mtu, hata mama yangu. Ilikuwa hadithi ndefu. Alipomaliza alifuta mikono kwa kanga.

"Hilo nalo utaliandika?"

"Hapana, bibi."

"La kalenda?"

Sikutegemea swali hilo. Nikamwambia kwamba nimelifikiria, kwamba linanisumbua, na kwamba sitaliandika asipotaka.

Aliokota korosho moja, akaichambua kwa ukucha.

"Andika uliyoyafanya wewe," alisema mwishowe. "Jina langu usitaje. Na mambo ya siku ile niachie mimi."

Alifariki masika ya pili baada ya hapo, kwa homa ya siku tatu. Hakuwahi kusema amenisamehe, nami niliona haya kumuuliza. Wanawake waliomwosha walitoka ndani wakaniita kwa kuwa mimi ndiye mjukuu mkubwa, wakaniuliza kama mdomo wake wauzibe kwa pamba au wauache. Nilisimama pale kizingitini, watu wote uani wakisubiri, na sikujua angetaka nini. Nikawaambia wamuulize mama.