Bustani Isiyokunywa Maji

Majina ya wanawake wale wote nayakumbuka, hata ya watoto waliokuwa mgongoni wakati ule, ila siyaandiki. Wengine bado wanapita mlangoni kwangu.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, na viwanda vya minofu ya samaki vikajengwa kando ya ziwa. Mume wangu alishafariki. Mimi nilikaanga mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki kiwandani, nikauza sokoni Pasiansi tangu asubuhi mpaka jua linazama. Nyumba yangu iko juu maweni, na kupandisha ndoo moja ya maji hapo ni kazi ya kutoa roho. Maua ya kwenye makopo yalikauka yote. Nami napenda uwanja unaopendeza, ndivyo nilivyoumbwa. Basi nikapanda vitu visivyonisumbua: mishubiri kwenye nyufa za mawe, bogenvilia mlangoni, na ua wa minyaa kuzunguka. Katikati nikamwaga changarawe za ziwani, majani yasiote. Kazi ikabaki kufagia Jumapili, basi.

Kiangazi kikaja, viwanja vya wenzangu vikawa vumbi tupu, changu kijani. Kwanza nilijivuna. Halafu siku moja bombani nikasikia:

"Bustani ya mwenzetu hainyweshwi, na haifi."

"Sasa inakunywa nini?" Huyo alikuwa mama jirani yangu, mkubwa kwangu.

Wakacheka. Nilicheka nao, nikajitwisha ndoo upesi nikaondoka. Kwetu Usukumani, mjane anayeishi peke yake akianza kusemwa hivyo, ajue ameshaitwa mchawi. Na moshi wa mapanki ulishaniharibu macho, yalikuwa mekundu muda wote. Kijijini kwetu mama mmoja alikatwa mapanga kwa macho kama hayo. Nilimjua. Tulipalilia pamba pamoja.

Nikaona minyaa imekuwa mirefu mno. Nikajiambia, watu wakiniona ndani ya ua nakaa tu na masufuria yangu, wataacha maneno. Jumapili nilipotoka kanisani nikashika panga, nikakata kwa pupa, uso wangu ukielekea kule upepo unakotoka. Utomvu ukaniruka machoni, yote mawili.

Moto! Sikuona kitu. Dawa yake kila mtu anaijua: maziwa ya mama anayenyonyesha, yakamuliwe humo humo jichoni, upesi, la sivyo unapofuka. Na aliyenyonyesha ambaye ningeweza kumfikia bila kuona alikuwa mmoja tu, mke wa mtoto wa yule yule mama wa bombani.

Nikakaa chini nimeshika uso. Niende kuomba maziwa ya kichanga, mimi, na macho haya? Mtoto akiharisha kesho, nani atanisikiliza? Lakini kipofu atakaangaje mapanki? Nikapapasa mawe, nikaenda.

"Hodi. Shikamoo mama. Nisaidie, utomvu wa minyaa."

Badala ya marahaba, yule mama akauliza: "Na kwa nini uje kwangu?"

"Mkweo ananyonyesha, mayu, mama yangu."

Mkwe akasema polepole kutoka ndani, "Mama, atapofuka."

"Nyamaza wewe! Unajua atayafanyia nini?"

Nikapiga magoti. "Nishike kichwa wewe mwenyewe. Mikono yangu naiweka mgongoni. Sitaondoka na hata tone."

Yule mama alinishika kama anayeshika mbuzi wa kuchinja. Mkwe akakamua, maziwa yakanidondokea, ya moto.

"Usifumbe! Unaogopa nini wewe?" akafoka aliyenishika.

"Nakuogopa wewe."

Ilinitoka tu. Mkwe akacheka kidogo.

Siku nne sikwenda sokoni. Nilisikiliza kilio cha yule mtoto, kama kimebadilika. Akikaa kimya, niliogopa zaidi.

Siku ya tano, nikiwa nimekaa uwanjani, nikaona mtu anakuja, bado kwa ukungu machoni. Ni yule mama. Mkononi ana panga. Nikajikokota nyuma juu ya changarawe.

"Mtoto hajambo," alisema kabla ya salamu. "Sogea huko. Minyaa ikatwe na mtu anayejua."

Akaikata hadi usawa wa magoti. Wanawake waliokuwa wanapanda na ndoo akawaita kwa sauti: "Jamani, njooni! Huyu alijimwagia utomvu, nilimshika kichwa mimi mwenyewe. Macho ndiyo hayo, wekundu ni wa utomvu, yatazameni!"

Wakasogea, wakatazama. Nami nikakaa pale juu ya changarawe, nikayafumbua yote mawili, machozi yakinitoka, mpaka wa mwisho wao alipotosheka.