Mwenye Shamba Asiye na Nyumba

Baba yangu alikuwa na shamba la milangilangi nyuma ya Marodoka, kisiwani Nosy Be, na kiti katika baraza la mji, lakini hakuwa na nyumba. Kwetu sisi wenye asili ya Ngazija, nyumba ni ya mwanamke. Babu alimjengea mama nyumba ya mawe, baba akaletwa humo siku ya harusi kwa ngoma na vigelegele, na tangu hapo akaishi kwa mkewe. Wageni wakisikia hucheka. Wacheke tu, sijaona mila inayomshusha mwanamume mabega kama hii.

Kila jioni alibisha hodi. Alikuwa ametoka shambani, koti linanukia langilangi, maua ya kukamuliwa mafuta, au barazani, ambako watu wazima walisimama akiingia. Mchana kutwa alisema Kimalagasi na Kifaransa, na kwa mama alisema Kingazija. Kiswahili cha wazee wetu kilikuwa kimebaki maneno machache ya dini, ya biashara na ya bahari, pamoja na ile hodi ya mlangoni.

"Nani?" mama aliuliza, na alikuwa amemwona tangu alipopita msikitini.

"Mwenye shamba."

"Mwenye shamba si alale shambani!"

"Basi ni mheshimiwa diwani."

"Diwani akalale barazani."

Halafu mama alicheka na kumkaribisha. Nikiwa msichana niliona ni mambo ya aibu kwa watu wenye mvi. Sasa najua walikuwa wakiendelea kuposana.

Alikuwa msemaji hasa. Hakuweza hata kuomba chumvi bila kwanza kuwataka radhi waliomzidi umri, kama ada ya hotuba za Kimalagasi inavyotaka, ingawa mezani tulikuwa watoto watupu. Watu waligombania mipaka ya mashamba wakaja kwake asubuhi, na saa sita wakaondoka pamoja, wamechoka kumsikiliza.

Mwisho wa miaka ya sabini siasa ziligeuka. Mwenye mali hakutakiwa tena kwenye kiti, na sehemu kubwa ya milangilangi ikagawiwa watu wengine. Jioni hiyo alibisha hodi, mama akauliza nani.

"Mwenye miti michache karibu na kijito," baba alisema.

Mama hakumtania. Alitoka mwenyewe, akamvua koti.

Miaka kadhaa baadaye mama alifariki, na nyumba ikawa yangu, binti mkubwa. Baada ya arobaini baba alikunja nguo zake akapanda meli ya mizigo kwenda Mahajanga, bara, kwa dada yake. Alisema anakwenda kumjulia hali. Miezi ikapita, nikawa naletewa salamu tu. Nilimpenda baba yangu kupita kiasi, na wazo kwamba angefia mbali nami lilininyima usingizi. Nikamfuata.

Shangazi aliishi upande wa Belobaka, mmoja wa Wangazija wachache waliobaki mtaani baada ya wenzao kuukimbia mji wakati wa mauaji ya Wangazija. Nilimkuta baba katika muhogo wa shangazi, ameshika jembe kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa jirani. Mwenye shamba yule hakuwahi kulima maisha yake yote.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," shangazi alisema. Alikuwa anatania, lakini machozi yalikuwa yanamlenga.

"Baba, twende nyumbani," nikasema.

"Nyumbani kwa nani, mwanangu?"

"Kwetu!"

Akaweka jembe chini, akawataka radhi wakubwa waliokuwepo, yaani shangazi na mbuzi wake, kisha akahutubu. Yeye aliingizwa katika nyumba ile na mkewe. Mkewe ameondoka, na ruhusa imeondoka naye. Mwenye nyumba wa sasa hajasema neno.

Nilipandwa na hasira. Ningemkaribishaje baba yangu mzazi? Anayekaribishwa ni mgeni! Mimi nilinyamaza kwa heshima, yeye akaondoka kwa heshima, na heshima hiyo ilikuwa karibu kutuzika mbalimbali. Nilimwambia hivyo hivyo, kwa sauti iliyowatawanya kuku wa uani. Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. Baba hakucheka. Alisema atalifikiria, kama alivyokuwa akiwaambia wapiga kura. Nilirudi Nosy Be peke yangu, nikalia melini bila kujificha.

Ikawa jioni moja, napakua wali, nikasikia hodi.

Niliijua sauti. Miguu ilitaka kukimbia, lakini mdomo ulishatangulia.

"Nani?"

Hapo ndipo nilipoona nimeuliza nini. Shamba halikuwepo tena, wala kiti, wala mke wa kumcheka. Niliogopa kwamba nimemuumiza, na kwamba nikifungua nitakuta ameshageuka.

"Babako," alisema.

Nilikwenda kumfungulia. Alikuwa na kifurushi chake cha nguo na muhogo wa shangazi, udongo bado umeushika. Neno lile nililoona ni matusi kumwambia mzazi lilinitoka huku nalia.

"Karibu nyumbani kwangu, baba."

Akavua viatu, akaingia.